UPANGA WA MJAPANI: NAMNA YA KUUTAMBUA NA KUUTUNZA

Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, iliteremka bonde la Kabaw katika mvua kubwa za mwaka wa 1944, ikapigana na Wajapani kutoka Tamu kwenda kusini, na tarehe 2 Desemba mwaka ule mji wa Kalewa, ulio ukingoni mwa mto Chindwin, ukatwaliwa. Katika safari ile askari wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walikutana na jambo ambalo majeshi mengine yalikuwa yamekwisha kuliacha: maafisa wa adui walikwenda vitani, katika zama za bombom, vifaru na eropleni, na kila mmoja upanga umening'inia kiunoni mwake.

Upanga ule haukuwa pambo la gwaride tu. Afisa wa Kijapani alikuwa nao mahandakini, msituni na katika kuvuka mito, na mara nyingi aliufuta alani ili kuwaongoza watu wake katika shambulio la mwisho. Ndiyo sababu uliposhikwa na askari wa upande wa pili ulihesabiwa kuwa ushahidi mkubwa wa ushindi kuliko bunduki au kofia ya chuma.

Vita vilipokwisha mwezi wa Agosti 1945, Lord Mountbatten, aliyekuwa Amiri wa majeshi ya Asia ya Kusini-Mashariki, aliamuru ya kwamba maafisa wa Kijapani watoe panga zao kwa mikono yao wenyewe, mbele ya watu. Jenerali MacArthur, upande wa Pasifiki, hakuipenda desturi hiyo, lakini Mountbatten alishika neno lake, maana alitaka asitokee mtu baadaye wa kusema kwamba jeshi la Japani halikushindwa. Field Marshal Terauchi alikuwa mgonjwa, hakuweza kufika katika sherehe ya Singapore ya tarehe 12 Septemba; basi alitoa panga zake mbili mjini Saigon tarehe 30 Novemba 1945. Mmoja Mountbatten alimpelekea Mfalme George wa Sita, na wa pili akauweka mwenyewe.

Hivyo ndivyo panga hizi zilivyotawanyika ulimwenguni. Nyingine ziko katika nyumba za makumbusho, lakini nyingi zilikwenda makwao pamoja na askari waliozipata, zikatundikwa ukutani au kufungwa katika gunia na kusahauliwa darini. Mzee anapofariki, watoto huzikuta, na swali la kwanza wanalouliza ni bei. Ingekuwa afadhali swali la kwanza liwe hili: huu ni upanga gani? Maana panga mbili zaweza kufanana kwa mbali kama mapacha, na kumbe mmoja ulitengenezwa kwa mashine kiwandani mwaka wa 1942, na mwingine ulifuliwa na mhunzi aliyekufa miaka mia nne iliyopita.

KUTOKA ULAYA KURUDI KWAO

Katika mwaka wa 1876 Serikali ya Japani iliwakataza watu wa tabaka la samurai kuchukua panga hadharani. Jeshi jipya lilikuwa likiiga mambo ya Ulaya, na maafisa wake wakavaa vitara vyenye mpini wa mkono mmoja na upinde wa shaba unaozunguka vidole, kama vile vya wapanda farasi wa Ufaransa. Mtu akiona upanga wa namna hii, pamoja na ala yake ya chuma inayong'aa, na ajue kuwa ni wa zamani kuliko mwaka wa 1934. Wakusanyaji huuita kyu-gunto, yaani upanga wa jeshi wa namna ya kale. Asiharakishe kuudharau lakini, kwa kuwa ndani ya mpini huo wa Kizungu mara kwa mara umefichwa ubao wa chuma wa Kijapani wa asili.

Katika mwaka wa 1934 moyo wa kujivunia mambo ya kwao ulikuwa umepanda sana, na jeshi likarudia umbo la upanga wa kale uitwao tachi, ulioning'inizwa makali yakitazama chini. Mpini wake ni mrefu, wa kushikwa kwa mikono miwili, umefunikwa kwa ngozi ya samaki taa, na juu ya ngozi umesokotwa utepe kiasi cha kuacha nafasi zenye umbo la almasi. Vyuma vya mpini na kikingio cha mkono vimepambwa kwa maua ya mcheri. Huu ndio upanga unaoitwa namba 94. Namba hiyo huwasumbua wengi, lakini maana yake ni rahisi: Wajapani walikuwa wakihesabu miaka tangu mfalme wao wa kwanza wa hadithi, na hesabu yao inaitangulia yetu kwa miaka 660. Basi mwaka wa 1934 kwao ulikuwa 2594, na tarakimu mbili za mwisho ndizo zilizokuwa jina la silaha. Kwa hesabu hiyo hiyo upanga namba 98 ni wa mwaka wa 1938. Tofauti yake kubwa na ule wa 94 ni kwamba ala ya 94 ina pete mbili za kuning'inizia, moja ikiwa ya kuondoleka, na ala ya 98 ina pete moja tu. Ala za jeshi ni za chuma kilichopakwa rangi ya kahawia au ya majani makavu. Nyingine ni za mti uliovikwa ngozi, zilizofaa zaidi porini.

Maafisa wa Jeshi la Maji walikuwa na upanga wao, uliotolewa mwaka wa 1937. Ala yake ni nyeusi au ya buluu iliyoiva, yenye mapambo ya shaba ya njano. Hauonekani sana kama ule wa nchi kavu.

Kishada kinachofungwa kwenye mpini nacho chasema cheo. Buluu na kahawia ni cha luteni na kapteni. Nyekundu na kahawia ni cha meja mpaka kanali. Chenye uzi wa dhahabu na nyekundu ni cha jenerali. Ila kishada ni kitu cha kufungwa na kufunguliwa, na mfanyabiashara mjanja aweza kumpandisha luteni awe jenerali kwa dakika moja.

UPANGA WA SAJENTI

Afisa alinunua upanga wake kwa fedha zake mwenyewe, ama katika maduka ya chama cha maafisa, ama kwa mfua panga. Sajenti alipewa wake na Serikali kama alivyopewa viatu, na kama viatu aliuandikiwa daftarini. Huu ni upanga namba 95, wa mwaka wa 1935, na ndio mwepesi kuutambua kuliko zote. Kwa mbali mpini wake wafanana na wa afisa, lakini ukiushika utaona kwamba ngozi ya taa na utepe ni mfano tu uliomiminwa katika madini, kwanza shaba na baadaye alumini iliyopakwa rangi. Mpini umekazwa kwa skrubu badala ya kijiti cha mwanzi. Ubao umechimbwa mfuo mrefu kila upande, na karibu na kikingio imegongwa namba. Namba hiyo hiyo yapasa iwe juu ya mdomo wa ala, na zikiwa mbili zinapatana, upanga na ala vimekaa pamoja tangu siku ya kwanza. Kuelekea mwisho wa vita, madini yalipokuwa haba, mipini ilifanywa ya mti uliokatwa mistari, na ukiziweka panga tatu pamoja, wa shaba, wa alumini na wa mti, waona taifa zima likifukarika.

Watu wengi wanaouza panga za namba 95 huwaambia wanunuzi kwamba ni za samurai. Si kweli hata kidogo. Hakuna upanga wa sajenti uliofuliwa kwa mkono.

MSUKA NDIO UNAOSEMA

Upanga wa afisa hauna namba ubavuni, na habari zake zote zimefichwa chini ya mpini, juu ya msuka. Mwenye kutaka kuujua hana budi kuufungua. Katika mpini mna kijiti kimoja cha mwanzi, au viwili, na upande mmoja wa kijiti ni mwembamba kuliko wa pili. Kisukumwe kutokea upande ulio mwembamba, kwa ncha ya mti mgumu au ya shaba, wala si kwa msumari. Kisha mwisho wa mpini ushikwe kwa mkono wa kushoto, upanga ukisimama na kuinama kidogo, makali yasimwelekee mtu, na kifundo cha mkono huo kipigwe kwa ngumi ya mkono wa kulia, taratibu, mpaka ubao ulegee. Ukikataa, uachwe mpaka apatikane mjuzi. Mipini mingi imepasuliwa na nyundo za watu wasio na subira.

Juu ya msuka huenda pakawa na maandishi yaliyochorwa kwa tindo. Upande mmoja ni jina la mhunzi, na upande wa pili, pengine, ni tarehe. Tarehe za vita huanza kwa herufi mbili zisomwazo Showa, yaani utawala wa Mfalme Hirohito, zikifuatwa na hesabu ya miaka. Ongeza 1925 juu ya hesabu hiyo: Showa ya 18 ni mwaka wa 1943. Karani yeyote aweza kuifanya kazi hii akiwa na jedwali la tarakimu kumi za Kijapani mbele yake.

Pamoja na jina hutazamwa muhuri. Muhuri mdogo wenye neno Seki, au herufi ya kwanza ya Showa, kwa kawaida waonyesha kwamba upanga haukufuliwa kwa desturi ya kale. Seki ni mji wa mkoa wa Gifu uliofanya panga tangu zamani, na wakati wa vita viwanda vyake vilitoa panga nyingi mno, zikifanywa kwa chuma cha kawaida na kuchovywa katika mafuta ili zisivunjike. Muhuri wa nyota una maana nyingine kabisa: kwa kawaida ni wa mhunzi aliyekubaliwa na jeshi, akapewa chuma cha asili, akafua kama wazee wake.

Yafaa kujua kazi hiyo ya asili ilivyokuwa. Chuma chake hutokana na mchanga mweusi wenye madini, kama ule waliokusanya wahunzi wa Kikuyu zamani katika vijito vyao. Mchanga huyeyushwa kwa mkaa katika tanuru la udongo siku tatu mchana na usiku. Mhunzi huchagua vipande vizuri, huviunganisha kwa moto, huvipiga na kuvikunja mara nyingi, na kwa kawaida huweka chuma laini katikati na kigumu nje. Ubao ukiisha kupata umbo hupakwa udongo, mwembamba upande wa makali na mnene upande wa mgongo, hutiwa moto, kisha hutumbukizwa majini. Makali hupoa kwa ghafula yakawa magumu. Mgongo hupoa polepole ukabaki na uvumilivu. Na kwa sababu pande mbili hazikupoa pamoja, upanga wenyewe hupinda. Panga nyingi hupasuka majini, kazi yote ikapotea. Zinazosalimika huwa na ukanda mweupe kama ukungu wa asubuhi kando ya makali, ukienda kwa mawimbi au kwa unyofu, kila mhunzi na namna yake.

Kazi hii ilifanywa pia Tokyo, katika hekalu la Yasukuni, ambako tangu 1933 mpaka 1945 wahunzi walifua panga za maafisa kiasi cha elfu nane. Wengi wao walipewa majina yanayoanza kwa Yasu, na mtu akilikuta jina la namna hiyo juu ya msuka, asiuze upanga kabla ya kuuonyesha kwa mwenye maarifa.

Lakini hazina kubwa zaidi ni ule ubao wa kale uliovikwa nguo za vita. Afisa aliyetoka katika ukoo wa samurai aliweza kuuchukua upanga wa babu yake, akautia mpini na ala ya jeshi, akaenda nao Burma au Ufilipino. Dalili zake ni hizi: msuka una rangi ya kahawia iliyokolea, laini, si nyekundu ya jana, una tundu mbili au tatu, kwa kuwa mpini umebadilishwa mara nyingi, na huenda ncha yake imekatwa, maana upanga ulikuwa mrefu ukafupishwa. Pengine juu ya mpini pana alama ndogo ya fedha, nayo ni alama ya ukoo wa mwenye upanga.

KUTU ISIYOFAA KUONDOLEWA

Hapa ndipo panga nyingi zilipouawa, si na adui bali na mrithi mwenye bidii. Huona msuka wenye kutu, akachukua msasa au siki akausugua hata ukang'aa kama sufuria. Kumbe kutu ile ndiyo cheti cha umri! Mjuzi huisoma kwa macho, na ikiisha kuondolewa hapana wa kuirudisha. Ubao nao hausuguliwi kwa msasa, wala kwa gurudumu la fundi wa visu, wala kwa dawa ya kung'arisha vifungo vya kanzu za askari. Kuunoa upanga wa Kijapani ni kazi ya fundi aliyejifunza kwa miaka mingi, akitumia mawe ya namna mbalimbali moja baada ya jingine.

Mtu wa kawaida ana kazi ndogo tu. Asiguse chuma kwa vidole, kwa sababu jasho huandika kutu. Apanguse kwa kitambaa safi, apake mafuta mepesi ya mashine, kidogo mno, na baada ya miezi michache apanguse tena. Upanga ulazwe mahali pakavu. Tena, akikuta kipande cha ubao wa mti au kitambaa kimefungwa kwenye ala, kina maandishi ya Kijapani, asikikate. Maafisa wengine walipotoa panga zao mwaka wa 1945 waliandika majina yao na miji yao, wakitumaini ya kuwa siku moja zitarudishwa. Wakusanyaji wengi wa kwanza waliyatupa maandishi hayo kama takataka, na ni hasara isiyofidika.

Juu ya panga za bandia yafaa kusema machache, maana zimekuwa nyingi. Nyingi huiga namba 95, kwa kuwa inauzwa sana na haina haja ya mhunzi. Namba zake huwa zimegongwa ovyo, mfuo haukwenda sawa, na mapambo hayana ncha kali kama ya kiwanda cha jeshi. Ukanda mweupe wa makali huchorwa kwa tindikali au kwa brashi ya waya, na chini ya kioo cha kukuzia huonekana umelala juu ya chuma kama rangi. Msuka wa bandia hutiwa kutu kwa chumvi, nao hunuka hadithi ndefu: mwuzaji asiyejua chochote juu ya upanga, lakini anajua sana habari za jenerali aliyeumiliki, aogopwe.

DAMU ILIYOKO JUU YAKE

Pana watu wasiotaka kuwa na vitu hivi nyumbani, na wana haki yao. Mwaka wa 1937 magazeti ya Japani yalitangaza, kama habari za mchezo, mashindano ya maafisa wawili, Mukai na Noda, ya nani atatangulia kuua watu mia kwa upanga katika njia ya kwenda Nanking. Wote wawili walihukumiwa mjini humo baada ya vita, wakapigwa risasi mwaka wa 1948. Tarehe 24 Oktoba 1943, huko Aitape katika Guinea Mpya, Sajenti Leonard Siffleet wa Australia, aliyekuwa mfungwa, alikatwa kichwa kwa upanga, na picha ya kitendo hicho ilikutwa baadaye katika maiti ya Mjapani. Mwenye kukusanya panga hizi asijifanye kuwa hajui. Upanga mzuri mno waweza kuwa umefanya kazi mbaya mno, na chuma chenyewe hakisemi.

Katika Japani yenyewe Wamarekani waliamuru mwaka wa 1945 kwamba panga zote zitolewe. Nyingi sana ziliyeyushwa au kutupwa baharini. Mjuzi mmoja, Bwana Homma Junji, alimwendea Kanali Cadwell wa jeshi la Marekani akamwonyesha tofauti kati ya silaha na kazi ya sanaa, na kwa juhudi zao panga zaidi ya 5,000 zilichaguliwa katika ghala la Akabane zikaokolewa. Hazikuokolewa zote. Upanga uitwao Honjo Masamune, uliokuwa wa ukoo wa Tokugawa, na uliotangazwa kuwa hazina ya taifa mwaka wa 1939, ulipelekwa na mwenyewe katika kituo cha polisi cha Mejiro mwezi wa Desemba 1945, kwa kuitii sheria. Haujaonekana tena tangu hapo. Huenda uko darini mwa mtu, umevikwa ala ya jeshi, na watoto wake wanauchezea.

Mwingine ulikuwa na bahati. Upanga wa mhunzi Kunimune, mali ya hekalu la Terukuni mjini Kagoshima, ulipotea vivyo hivyo. Daktari Walter Compton, mkusanyaji wa Marekani, aliununua katika duka la vitu vya kale, akatambua ni upanga gani, na mwaka wa 1963 akaurudisha Japani bila kudai malipo.

Wengine wamependa kumwiga, na hapo sheria ya Japani huwangoja mlangoni. Upanga ukifika nchini humo hauna budi kuonyeshwa kwa wakuu, ukakaguliwa na kupewa hati. Hati hupewa upanga uliofuliwa kwa desturi ya asili, kwa kuwa huhesabiwa kuwa sanaa. Ule wa kiwanda, namba 95 wa sajenti, huhesabiwa kuwa silaha tu; haupewi hati, na mtu hana ruhusa ya kuwa nao. Basi ubao wa Kunimune ulipokewa kwa heshima, na upanga uliotoka Seki ukafika Burma pamoja na mwana wa mkulima hauwezi kurudi kwao hata mwenye kuushika akitaka kuutoa bure.